Wi-Fi ya nyumba nzima kwa kebo: ghorofa moja na banda la uani

Nyumba nyingi zinazolalamikia Wi-Fi zina intaneti ya kutosha. Kisanduku cha faiba, yaani ruta ya intaneti, kipo sebuleni nyuma ya televisheni, pale fundi alipoishia na waya wake, na ukisimama mbele yake simu inavuta Mbps 40 bila jasho. Chumba cha pili zinabaki 6. Ukipanda juu, video inazunguka tu. Hakuna kilichoharibika. Katikati pana kuta za tofali za inchi 6, zege la ghorofa lenye nondo, pengine friji na tanki la maji, na kila kimoja kinakula sehemu yake ya mawimbi.

Kununua ruta yenye antena sita hakutibu ugonjwa huu. Wi-Fi ni mazungumzo ya pande mbili: ruta inaweza kupaza sauti ikasikika hadi chumbani, lakini simu yenye antena ndogo haina pumzi ya kujibu kwa sauti hiyo. Ndiyo maana unaona mistari ya mtandao imejaa huku ukurasa haufunguki. Vile vifaa vya kuchomeka ukutani vinavyopokea mawimbi na kuyarusha tena navyo vina kasoro yao. Vya bei nafuu hupokea na kurusha kwa redio ileile, kwa hiyo karibu nusu ya kasi inapotea hata kabla ya kuhesabu ukuta.

Kinachofanya kazi ni kuweka vituo vidogo vya Wi-Fi karibu na watu, kila kimoja kikiletewa intaneti kwa kebo ya Ethernet kutoka kwenye ruta. Kwenye maboksi vituo hivi huandikwa AP, nasi tutatumia jina hilo. Asilimia kubwa ya kazi ni kebo. Kuseti redio ni kazi ya jioni moja.

Mfano tutakaoufuata ni nyumba ya ghorofa moja: chini sebule, jiko na stoo chini ya ngazi; juu vyumba vitatu vinavyozunguka korido fupi; nyuma, mita 18 kutoka ukuta wa nyumba kubwa, banda la uani lenye vyumba viwili. Kisanduku cha faiba kipo sebuleni. Nyumba hii inahitaji AP tatu: moja chini, moja juu, moja bandani.

Kuchagua mahali kabla ya kutoboa

Katika nyumba ya tofali za saruji, hesabu kwamba AP moja itahudumia chumba ilichomo na vyumba vilivyo nyuma ya ukuta mmoja. Ukuta wa pili ni bahati. Zege la ghorofa usilitegemee kabisa, hata kama jirani anakwambia kwake linapitisha.

Usikisie. Chukua ruta yoyote, iweke juu ya ngazi ya kupandia mahali unapofikiria kufunga AP, iwashe kwa waya wa kurefushia umeme, kisha tembea na simu. Kwenye Android pakua programu yoyote ya kuchanganua Wi-Fi inayoonyesha nguvu ya mawimbi kwa dBm. Kwenye iPhone, programu ya Apple iitwayo AirPort Utility ina kipimo hicho, ila lazima kwanza ukiruhusu kwenye mipangilio ya simu. Namba ni hasi, na kadiri inavyosogelea sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu: −50 ni bora kuliko −70. Lenga −65 au zaidi kwenye masafa ya GHz 5 kila mahali watu wanapokaa au kulala. Ikishuka chini ya −70, simu za WhatsApp zitaanza kukatakata. Pima milango ikiwa imefungwa, maana usiku ndivyo itakavyokuwa.

Kwa nyumba yetu, AP ya juu inakaa kwenye dari la korido, katikati ya vyumba vitatu, kila chumba kikiwa nyuma ya ukuta mmoja au mlango wa mbao tu. Korido ndefu kama za hosteli ni jambo jingine: ukizipanga AP kwenye mstari humo, zitasikiana zenyewe vizuri kuliko zinavyosikika vyumbani. Ya chini iweke kwenye dari kati ya sebule na jiko, isiwe nyuma ya televisheni wala juu ya kabati la chuma. Ya bandani inatosha kwenye chumba kimoja, karibu na ukuta unaogawa vyumba viwili.

AP za umbo la sahani zimetengenezwa kufungwa darini zikitazama chini. Usiifiche juu ya dari, kati ya jipsamu na mabati. Vifaa vingi vya ndani vimeandikiwa mwisho wa joto la nyuzi 40, na chini ya mabati ya Dodoma au Mombasa saa nane mchana joto linapita hapo kwa mbali. AP itapunguza kasi, itajizima na kujiwasha, na itakufa mapema. Pitisha kebo juu, kifaa kikae chini ya jipsamu.

Vifaa, na kebo feki

Kitovu chetu ni stoo: kuna kivuli, hakuna watoto, na ngazi inatoa njia ya kupanda juu. Hapo itakaa swichi, kifaa kinachogawa kebo moja ya mtandao kwenda kebo nyingi. Urefu wa njia, ukipima kwa futi kamba ukutani na si kwa macho, unakuwa hivi: kisanduku cha faiba hadi stoo mita 12, stoo kurudi kwenye televisheni mita 12, stoo hadi AP ya chini mita 14, stoo hadi AP ya juu mita 17, na hapo vuta kebo mbili kwa sababu njia ya kupenya zege hutaki kuirudia, stoo hadi meza ya kazi chumbani mita 18. Jumla ni mita 90. Ongeza za kukosea na za kuacha ncha ndefu, nunua mita 105. Kikomo cha Ethernet ni mita 100 kwa kila kebo moja, kwa hiyo ndani ya nyumba ya kawaida urefu hautakusumbua.

Chukua kebo ya daraja la Cat6, ya waya mzima, yaani kila uzi ndani ni waya mmoja mgumu na si nyuzi nyingi zilizosokotwa. Cat5e nayo inabeba Gbps 1 (Mbps 1000) hadi mita 100, hivyo kama ipo ukutani tayari iache. Cat7 na Cat8 ni fedha za bure hapa.

Tatizo kubwa la madukani ni kebo ya alumini iliyopakwa shaba. Kwenye boksi utaona herufi CCA, au hutaona kitu. Kwangua ncha ya uzi kwa kisu: shaba halisi ni nyekundu hadi ndani, feki ni nyeupe chini ya rangi. Boksi lake pia ni jepesi kuliko la shaba, na bei yake ndiyo inayovuta wateja. Alumini ina ukinzani mkubwa zaidi wa umeme, na kwa kuwa AP zetu zitapata umeme kupitia kebo hiyohiyo, volti inashuka njiani, kebo inapata joto, na AP inajizima pale watu wanapoitumia kwa wingi. Tena uzi wa alumini hukatika ukikunjwa mara mbili tatu ndani ya soketi. Kebo ikiwa feki, mengine yote katika mwongozo huu hayatakusaidia.

Swichi iwe ya Gbps 1, milango minane, angalau minne ikiwa na PoE, yaani inatoa umeme kupitia kebo ya mtandao. Hapa soma maandishi ya nyuma kwa makini. Kiwango cha 802.3af kinatoa wati 15.4 kwa mlango, na kifaa mwishoni kinahakikishiwa 12.95. Cha 802.3at kinatoa 30, na kinahakikisha 25.5. AP nyingi za Wi-Fi 6 zinataka kile cha pili. Angalia pia jumla ya wati ambazo swichi nzima inaweza kutoa: swichi yenye milango minne ya wati 30 lakini jumla ya wati 60 haiwezi kulisha AP nne zenye njaa kwa pamoja.

Kuna pia PoE isiyoulizana, ambayo inasukuma volti 24 moja kwa moja bila kwanza kutambua kilichochomekwa upande wa pili. Matoleo ya mwanzo ya UAP-AC-Lite ya Ubiquiti yalitumia hiyo, na bado yanauzwa mitumba. Ukiyachomeka kwenye swichi ya 802.3af hayawaki, na mtu anadhani kauziwa mbovu. Kinyume chake ni kibaya zaidi: chomeka kompyuta au televisheni kwenye kiadapta cha volti 24 na unaweza kuunguza mlango wake wa mtandao.

Vingine ni vidogo: plagi za RJ45 zilizoandikwa Cat6 (nunua 30, utaharibu kadhaa), koleo la kubania, tesita ya taa nane, soketi mbili za ukutani, bomba la umeme la PVC la milimita 20 au 25, na vipande vifupi vya kebo vya kuunganishia. Plagi za Cat5e usichukue. Nyuzi za Cat6 ni nene na nyingi hazitaingia, au zitaingia kwa kulazimishwa na kugusana vibaya.

Kuvuta kebo

Vuta kebo zote kabla ya kubana plagi hata moja. Andika namba kwa kalamu isiyofutika kwenye ncha zote mbili za kila kebo, na rudia namba hiyo sentimita 30 ndani, kwa sababu ncha utazikata.

Kebo ya mtandao isipite kwenye bomba moja na nyaya za umeme wa volti 230. Kwanza ni usalama: ganda la waya wa umeme likichubuka ndani ya bomba, swichi yako na mkono wa mtu vitaunganishwa na umeme mkubwa. Pili ni makelele. Zikienda sambamba ziachanishe sentimita 20 hadi 30. Zikilazimika kukutana, zivuke kwa msalaba.

Usivute kwa nguvu zako zote. Kikomo cha kebo hizi ni kama uzito wa kilo 11. Ukizidisha, jozi zilizosokotwa ndani zinanyooka na kebo inaharibika bila ganda kuonyesha dalili. Ikikwama, rudisha nyuma, paka sabuni ya maji kidogo, jaribu tena mtu mmoja akisukuma upande wa pili. Kona iwe ya mviringo, mkunjo usiwe mkali kuliko mzingo wa chupa ya soda. Misumari ya kubania isiikabe kebo hadi ikabonyea.

Kupenya zege la ghorofa ni pale ambapo watu huharibu nyumba. Usitoboe boriti wala nguzo. Tafuta sehemu ya zege tupu kando ya ukuta, tumia drili ya kugonga na ncha ya milimita 16, anza na ncha nyembamba. Ukigonga nondo utaisikia: drili inakataa kwenda na vumbi linakuja na chembe za chuma. Acha hapo, sogea sentimita 5, ziba shimo la kwanza kwa saruji. Kama una wasiwasi, toka nje ya ukuta, panda kwa bomba la PVC lililofungwa nje, ingia tena juu. Haipendezi sana lakini haigusi nguzo za nyumba. Tundu la kutokea nje litobolewe kutoka ndani likiinama kuelekea nje, na kebo iachiwe mkunjo unaoning'inia chini ya tundu, ili maji ya mvua yadondokee hapo badala ya kufuata kebo hadi sebuleni.

Juu ya dari kebo ikae ndani ya bomba mwanzo hadi mwisho. Panya wanapenda ganda la kebo, na kebo iliyotafunwa haifi mara moja: inaanza kwa kushuka kasi siku za unyevu.

Acha mita moja ya ziada stoo na sentimita 30 kwenye kila AP, ikiwa imezungushwa vizuri darini.

Kubana plagi

Mpangilio ni T568B kwenye ncha zote mbili. Shika plagi ulimi wake ukiwa upande wa chini, meno ya dhahabu yakikutazama, kebo ikiingilia upande wako. Kutoka kushoto:

1. nyeupe-chungwa
2. chungwa
3. nyeupe-kijani
4. bluu
5. nyeupe-bluu
6. kijani
7. nyeupe-kahawia
8. kahawia

Menya ganda sentimita 3, panga nyuzi, nyoosha, kata zote kwa mstari mmoja zikibaki sentimita 1.3, ingiza hadi uone shaba ya kila uzi kwenye uso wa plagi, kisha bana. Ganda la nje la kebo liingie ndani ya plagi na kushikwa na kile kizuizi cha nyuma. Likibaki nje, nyuzi nyembamba ndizo zitakazobeba uzito wa kila mvuto.

Utasikia kwamba rangi si muhimu mradi pande zote mbili zifanane. Si kweli, na hitilafu hii ni ngumu kuigundua. Tazama namba 3 na 6: jozi ya kijani imeachana makusudi, bluu ikiwa katikati yake. Ethernet inatuma kila ishara kwenye jozi moja iliyosokotwa pamoja, na msokoto ndio unaoua makelele. Ukipanga rangi kwa utaratibu unaopendeza macho (chungwa mbili, kijani mbili, bluu mbili), ishara ya 3 na 6 inagawanyika kwenye jozi mbili tofauti. Tesita ya taa itawasha moja hadi nane bila kosa, kwa sababu yenyewe inapima kama waya umefika, haipimi umefika na nani. Kisha mtandao unapanda na kushuka na kila mtu analaumu intaneti.

Baada ya tesita, chomeka kompyuta kila ncha na usome kasi ya muunganiko. Iwe Mbps 1000. Ikionyesha 100, karibu kila mara uzi mmoja kati ya 4, 5, 7 na 8 haujagusa: kasi ya 100 inatumia jozi mbili tu, ya 1000 inataka zote nne, kwa hiyo vifaa vinaposhindwa kuelewana kwa jozi nne vinashuka kimyakimya. Kata plagi, bana upya. Anza na ile uliyobana ukiwa juu ya ngazi.

Banda la uani

Kebo ya shaba kati ya majengo mawili ni mwaliko wa radi. Haihitaji kupiga nyumba yako. Ikipiga mnazi wa jirani, tofauti ya volti kati ya athi (waya wa kwenda ardhini) ya nyumba kubwa na ya banda inatafuta njia, na njia yenyewe ni kebo yako. Unapoteza swichi, ruta, na pengine televisheni iliyochomekwa humo.

Tumia faiba. Kioo hakipitishi umeme. Kwa njia hii unahitaji kipande cha faiba ya modi moja ya mita 40 hadi 50 chenye vichwa vilivyokwisha kufungwa kiwandani, na jozi ya vibadilishi vya faiba kwenda Ethernet vya Gbps 1. Vile vya uzi mmoja huuzwa A na B: kimoja kinatuma kwa nanomita 1310 na kupokea 1550, kingine kinyume chake. Ukiuziwa A mbili, taa haitawaka milele. Rangi za vichwa nazo zilingane, bluu na bluu, kijani na kijani. Kichwa cha kijani kimesuguliwa kwa pembe, na ukikichomeka kwenye tundu la bluu mwanga mwingi unapotea. Ile faiba nyembamba ya nje mara nyingi ina waya wa chuma wa kuishikilia: ukate waya huo nje, usiuingize ndani ya nyumba, vinginevyo umerudi kwenye shaba kwa njia ya panya. Na usichungulie ndani ya ncha ya faiba inayofanya kazi. Mwanga wake hauonekani lakini unaweza kulidhuru jicho.

Bandani, kibadilishi na AP vitakula umeme wa huko, AP ikipata wake kupitia kiadapta cha PoE.

Ikiwa lazima iwe shaba, nunua kebo nyeusi ya nje iliyojazwa jeli, ilaze ndani ya bomba la PVC lililozikwa sentimita 45 au zaidi mbali na waya wa umeme, na funga kinga ya radi kila upande ikiwa imeunganishwa na athi. Kinga isiyo na athi ni pambo. Kebo ya ndani ya kijivu usiipitishe nje hata kwa muda: jua linaipasua ganda, maji yanaingia.

Kuseti

Mtandao mzima una bosi mmoja anayegawa anwani za IP: ruta ya faiba, tuseme 192.168.1.1. Huduma hiyo, DHCP, iache iwe juu yake peke yake, ikigawa kuanzia 192.168.1.100 hadi .250. Swichi na AP zipe anwani za kudumu chini ya hapo: .2 swichi, .11 AP ya chini, .12 ya juu, .13 ya bandani. Ziandike kwenye karatasi na uibandike ndani ya mlango wa stoo.

Kama unatumia ruta za zamani badala ya AP za dukani, zinafaa, ila kuna mpangilio wa kufuata. Ichomeke kwenye kompyuta peke yake kwanza. Badilisha anwani yake iwe .11. Zima DHCP. Kisha ilete kwenye kebo ya nyumba, ukichomeka kwenye mlango wa kawaida (LAN) na si ule wa intaneti (WAN). Ukiikosea na kutumia WAN, ruta hiyo inajenga mtandao wake ndani ya mtandao: intaneti inafika, lakini simu iliyo juu haiioni printa wala televisheni iliyo chini. Ruta nyingi za sasa zina hali ya AP inayofanya yote hayo kwa mbofyo mmoja.

Zima Wi-Fi ya kisanduku cha faiba. Kikiachwa, simu zitaendelea kukishika nyuma ya televisheni kwa mazoea.

AP zote zipewe jina moja la mtandao, nywila moja na aina moja ya ulinzi, herufi kwa herufi. WPA2 yenye AES ni salama kwa vifaa vya zamani. Ile inayochanganya WPA2 na WPA3 ijaribu kwanza na printa yako. Weka nchi sahihi, ndipo AP itakuonyesha chaneli zinazoruhusiwa.

Kwenye GHz 2.4 chaneli zisizogusana ni 1, 6 na 11: moja kwa kila AP, upana MHz 20, usizidishe. Kwenye GHz 5 AP ya chini ipe 36, ya juu 149 kama ipo kwenye orodha, ya bandani rudia 36 kwa kuwa iko mbali na ya chini. Upana wa MHz 80 unafaa ukiwa na intaneti ya mamia ya Mbps. Kwa kifurushi cha 40, upana wa MHz 40 unabaki na nafasi tele na unapata makelele machache. Chaneli za 52 hadi 144 zinashirikiana na rada. AP inalazimika kusikiliza kwa angalau sekunde 60 kabla ya kuzitumia, na ikisikia rada inahama papo hapo. Ukiishi karibu na uwanja wa ndege au bandari, ziache.

Kosa linalorudiwa na karibu kila mtu ni kuacha nguvu ya kurusha kwenye kiwango cha juu. Anayeamua kuhama kutoka AP moja hadi nyingine ni simu, si AP. iPhone, kwa mujibu wa Apple, haianzi kutafuta AP nyingine mpaka mawimbi yashuke chini ya −70 dBm. AP ya chini ikipiga kelele mno, simu itapanda nayo ngazi hadi chumbani, iking'ang'ania −68 mbovu kama kupe, wakati AP ya juu iko mita 3 tu juu ya kichwa. Shusha GHz 5 hadi dBm 17 hivi, na GHz 2.4 hadi 11, kwa kuwa masafa ya chini yanasafiri mbali zaidi na bila kuyapunguza simu zitayapendelea ingawa ni ya polepole. Kisha panda ngazi na kipimo mkononi: katikati ya ngazi AP zote mbili zisomeke kati ya −65 na −70. Kama AP zako zina 802.11k na 802.11v, ziwashe, zinaisaidia simu kujua majirani. 802.11r, inayoharakisha kuhama, iwashe mwisho kabisa, na uizime ikiwa kifaa cha zamani kitagoma kuingia.

Jaribio zuri ni kupiga simu ya WhatsApp ya video na kutembea sebuleni, juu, hadi bandani. Kukwama kwa nusu sekunde kwenye ngazi ni kawaida. Uani simu inaweza kukata ukivuka katikati. Hapo hakuna AP. Ukitaka namba, weka iperf3, programu ya kupima kasi, kwenye kompyuta mbili: kwa kebo utaona karibu Mbps 940, na kama unaona 94 unajua ni plagi. Vipimo vya kasi vya mtandaoni vinapima kifurushi chako, havisemi lolote kuhusu nyumba.

Mambo yanayoharibika

Swichi nzima inawaka taa zote kwa pamoja kwa kasi na hakuna kinachofanya kazi: mtu amechomeka ncha mbili za kebo moja kwenye swichi ileile, na data inazunguka bila kutoka. Chomoa moja moja hadi taa zitulie. Kitu hichohicho kinaweza kutokea kwa AP za seti za mesh (zinazoweza kuunganishwa zenyewe kwa redio) zilizounganishwa kwa kebo na kwa redio pamoja; ziseti zitambue kebo, au zima kiungo cha redio.

Simu baadhi zina intaneti na nyingine hazina: tazama anwani zake. Zinazoanza na 192.168.0 badala ya 192.168.1 zimepewa na ruta ya zamani uliyosahau kuizima DHCP.

AP inajiwasha upya usiku pekee, watu wote wakiwa nyumbani: jumla ya wati za swichi imefika kikomo, au kebo ni ya alumini. Jaribu AP hiyo kwa kipande kifupi cha kebo pale stoo. Ikitulia, kosa liko ukutani.

Umeme ukikatika, faida ya PoE inaonekana: UPS (betri ya akiba) moja stoo inabeba swichi na AP za ndani. Kisanduku cha faiba kiko sebuleni, kwa hiyo kivutie waya wa umeme kutoka UPS hiyo au kikipatie UPS yake ndogo ya volti 12, baada ya kusoma volti zilizoandikwa kwenye chaja yake. Vyote kwa pamoja vinakula kama wati 45. UPS ya VA 650 yenye betri mpya ya volti 12 na Ah 7 itavibeba dakika 40 hadi saa moja. Banda litazimika, na kibadilishi chake cha faiba pamoja nalo. Umeme ukirudi subiri dakika mbili kabla ya kuanza kuchomoa kitu.